Usikate Karatasi, Sogeza Kidole

Wasee, leo hakuna video. Kamera iko poa, taa iko poa, lakini hii stori ukiifinya kwenye dakika moja na muziki nyuma itaharibika. Kwa hivyo nimeandika. Kuna pahali nitaingia mambo ya programu, ila usitoroke. Hata kama hujawahi kuandika mstari mmoja maishani, utaelewa.

Wale mmekuwa na mimi tangu mwanzo mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea kompyuta, karo ikakwama, nikarudi Kitale kwa mathe. Tangu hapo, kila nikifundisha kitu hapa, lazima kuna mtu ataniuliza: wewe si hukumaliza, sasa unatufunza nini? Swali ni la haki. Leo nitakujibu kwa kukuonyesha vile nilikaribia kupoteza mahindi ya watu.

Novemba iliyopita khocha alinipigia simu kutoka Bungoma. Kwa wale si wa kwetu, khocha ni mjomba, ndugu ya mama, na khocha akiitisha kitu huanzi kuuliza maswali mengi.

"Mulembe, mwana."

"Mulembe, khocha."

"Ile kompyuta ya stoo imeanza kunuka moshi. Kuja uihamishe kabla haijakufa na vitu vya watu."

Khocha ndiye karani wa kikundi cha wakulima. Wanachama wako pande zote mbili, wengine Trans Nzoia, wengine Bungoma. Wanaleta mahindi stoo, yanapimwa, yanaandikwa, na mwisho wa msimu kila mtu analipwa kulingana na magunia yake. Mwaka wa 2003 khocha alikaa chini akaandika programu ya kufanya hizo hesabu. Aliiandika kwa lugha ya C, peke yake, na kitabu kimoja alichoazima. Imetembea tangu wakati huo bila kukosea. Mimi nilikuwa mtoto mchanga wakati huo.

Basi nikapanda matatu. Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, halafu Bungoma. Njia nzima nilikuwa nimejaa kiburi. Nilikuwa najiambia, hii ni kazi ya siku moja. Nitachukua msimbo wa mzee (nikisema kodi utadhani naongea mambo ya KRA, kwa hivyo tukubaliane ni msimbo), niutafsiri kwa Python mstari kwa mstari, nirekodi video mbili tatu, nirudi nyumbani na kuku.

Khocha alinikalisha mbele ya ile kompyuta yenye skrini ya mgongo kama TV ya zamani, akaniambia kitu kimoja tu: "Usiniharibie hesabu. Hii ni jasho la watu."

Sasa hapa ndio tunaingia jikoni. Kaa na mimi.

Katika C, kusema ukweli, hakuna kitu kinachoitwa stringi. Kuna herufi zimepangwa kwenye memori moja baada ya nyingine, na mwisho wake kuna baiti ya sifuri inayosema "hapa ndio mwisho." Ukitaka kumpa mtu jina, humpi jina. Unampa anwani ya herufi ya kwanza. Hiyo anwani ndiyo pointa. Ukitaka kusonga mbele herufi moja, unaongeza moja kwa anwani, na umemaliza. Hakuna kitu kimehamishwa, hakuna kitu kimenakiliwa. Ni kama kusoma kitabu kwa kidole.

Faili ya khocha ilikuwa na mistari kama 45,000, ya miaka yote. Kila mstari una tarehe, jina, idadi ya magunia na kilo, na katikati yake kuna kile kijiti kilichosimama, |, cha kutenganisha. Programu yake inaingiza faili yote kwenye memori mara moja, halafu pointa inatembea. Ikifika kwenye kijiti, inakifuta na kuweka sifuri pale pale. Kwa hivyo jina, ambalo dakika iliyopita lilikuwa katikati ya mstari mrefu, ghafla lina mwisho wake. Limekuwa stringi kamili bila kunakili hata herufi moja. Mzee alikuwa mjanja.

Mimi nikafika na Python yangu. Python haina pointa za namna hiyo, na stringi zake hazibadiliki: ukishaiumba, huwezi kuandika sifuri katikati yake. Nikajiambia sawa, kila mahali khocha ameandika p++, yaani "songa mbele herufi moja", mimi nitaandika s = s[1:], yaani "chukua kila kitu isipokuwa herufi ya kwanza." Maana ni ile ile, si ndio? Hata inapendeza kusoma.

Nikajaribu na mistari 20 ya kwanza. Ikatoka fyaa! Nikarekodi. Nikamwita khocha aone. Halafu nikaipa faili nzima.

Ikanyamaza.

Nikaenda kununua chai na mandazi, nikarudi, bado. Feni ya laptopu ilikuwa inalia kama bodaboda inapanda mlima. Baada ya dakika 14 ndio majibu yakatoka. Khocha hakusema kitu. Aligeuka kwa ile kompyuta yake inayonuka moshi, akabonyeza kitufe, na majibu yale yale yakatoka kwa sekunde mbili.

Maze, niliona aibu. Kompyuta ya 2003 imepiga laptopu yangu mbele ya mjomba.

Khocha akachukua kitabu cha stoo, akaweka kidole kwenye mstari. "Mimi nasoma hivi," akasogeza kidole. Halafu akavuta karatasi tupu. "Wewe unasoma hivi." Akasoma herufi moja, halafu akaanza kunakili herufi zote zilizobaki kwenye ile karatasi mpya. Zote. Akafika nusu ya mstari akaniangalia. "Ukimaliza kunakili, unatupa kitabu cha kwanza, unasoma herufi ya pili, unaanza kunakili tena. Hiyo ni kusoma ama ni adhabu?"

Nikaelewa hapo hapo. Ile s[1:] haisogezi kidole. Inaumba stringi mpya na kunakili kila kilichobaki. Faili ilikuwa na herufi kama milioni 2. Hatua ya kwanza unanakili karibu milioni 2, ya pili karibu milioni 2, mpaka ziishe. Kwa wastani ni milioni moja kila hatua, na hatua ni milioni 2. Piga hesabu: nakala za herufi trilioni 2, ili kusoma faili ambayo ingetoshea mara kibao kwenye kumbukumbu ya simu yako. Na hii ndio sababu mistari 20 ilikuwa fyaa. Kosa la aina hii halionekani kwenye kitu kidogo. Faili ikiwa mara mbili, kazi inakuwa mara nne. Ikiwa mara kumi, kazi inakuwa mara mia.

Dawa yake ni rahisi hadi inaudhi. Acha stringi ikae pale ilipo. Weka namba pembeni, iite i, na hiyo namba ndiyo iwe kidole chako. Kusonga mbele ni kuongeza moja kwa i. Ukitaka kijiti kinachofuata, unauliza s.find('|', i), yaani "nitafutie kijiti kuanzia hapa nilipo," na unakata kipande mara moja tu, pale unapokihitaji kweli. Na ukiwa unajenga ripoti ndefu, usiunge kipande kwa kipande kwenye stringi moja inayonenepa. Weka vipande kwenye orodha, uviunganishe vyote mwisho kwa join. Nilibadilisha mistari kama kumi na mbili tu. Kutoka dakika 14, haikufika sekunde moja.

Sasa usifikirie hii ni ugonjwa wa Python peke yake, ama ni ujinga wa mtu aliyeacha chuo. Kila lugha ina mkataba wake kuhusu nani anabeba herufi. Ukiandika s[1:] kwa Go, hainakili chochote. Stringi ya Go ni anwani na urefu, kwa hivyo inasogeza anwani na kupunguza urefu, kama khocha tu. Ubaya wake ni kwamba ukihifadhi jina moja dogo kutoka faili kubwa, faili nzima inabaki kwenye memori kwa sababu ya hilo jina. Java nayo ilibadilisha mkataba katikati ya safari. Zamani substring ilikuwa inashiriki herufi na stringi mama. Mwaka wa 2012, kwenye Java 7 toleo la 6, wakaamua iwe inanakili. Msimbo ule ule, herufi kwa herufi, gharama tofauti.

Na wakubwa pia huanguka. Si unajua GTA Online? Watu walikuwa wanangoja dakika kadhaa ifunguke, miaka nenda miaka rudi. Mwaka wa 2021 jamaa mmoja anayejiita t0st akafungua tumbo la ile gemu, akapata inasoma faili la maandishi la megabaiti 10 lenye vitu kama 63,000. Kwa kila kitu kimoja, ile njia iliyotumika kusoma ilikuwa kwanza inahesabu herufi zote hadi mwisho wa faili, kwa sababu stringi ya C haijui urefu wake mpaka uifuate hadi kwenye sifuri. Ni kama matatu ya Kitale kwenda Bungoma, ambayo kila abiria akishuka, dereva anaendesha kwanza hadi Bungoma kuhakikisha barabara ina mwisho, halafu anarudi Kiminini kumshusha wa pili. Jamaa akarekebisha hapo na pahali pengine pamoja, muda wa kungoja ukapungua kwa karibu asilimia 70. Rockstar wakaweka marekebisho na kumlipa dola 10,000.

Kwa hivyo pointa zenyewe pia si malaika. Unaweza kutesa kompyuta kwa C vizuri sana.

Ningekomea hapo, hii ingekuwa stori ya ushindi, na ningekuwa nimekudanganya.

Desemba, siku ya kutuma taarifa za malipo. Kikundi kina wanachama 312. Khocha alinunua SMS 312 kamili, kwa sababu yeye ni mtu wa hesabu, na kila ujumbe ulikuwa na herufi kama 130, jina, magunia, kilo na tarehe ya kulipwa. SMS moja inabeba 160. Tukabonyeza. Kila kitu poa.

Kesho yake mama mmoja wa Kiminini alifika kwa mathe asubuhi, simu mkononi. Hakupiga kelele. Alimwonyesha mathe ujumbe: magunia 0. Huyu mama alikuwa amepeleka magunia 14. Hiyo ni kilo 1,260, na ndiyo ilikuwa karo ya kijana wake Januari. Mathe akaniita kutoka chumbani, nikasoma ule ujumbe, na nikasikia tumbo likishuka.

Khocha naye akapiga simu: watu tisa wamepata sifuri. Na wengine tisa hawajapata ujumbe kabisa, wote wa mwisho kwenye orodha, akina Wekesa. SMS ziliisha kabla ya kuwafikia.

Ilinichukua siku nzima kuona. Hao tisa wenye sifuri walikuwa na kitu kimoja sawa: majina yao yana ng'. Akina Ng'ang'a, akina Wang'ombe.

Ona hiyo alama inayokaa juu baada ya g. Kwenye kibodi ya khocha iko moja tu, iliyonyooka. Kwenye faili yake inachukua baiti moja. Lakini mimi orodha mpya ya majina na namba za simu niliiandika kwenye programu ya kuandikia barua, ile inayopinda alama za nukuu yenyewe bila kukuuliza. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa. Ile iliyopinda inachukua baiti tatu kwenye faili. Programu yangu ikalinganisha jina la orodha na jina la stoo, ikaona hazifanani, ikahitimisha kwamba huyu mtu hajaleta mahindi.

Na zile SMS? Alfabeti ya kawaida ya SMS ina alama iliyonyooka, lakini haina iliyopinda. Ukiweka moja tu kwenye ujumbe, ujumbe wote unabadilishwa uwe wa aina nyingine, ambayo nafasi yake ni herufi 70 badala ya 160. Ujumbe wangu wa herufi 130 ukagawanyika mara mbili. Watu tisa wakatumiwa SMS mbili mbili, za kuwaambia hawana kitu, na akina Wekesa wakalipia kwa kukosa zao.

Fikiria hilo kidogo. Hii si alama ya kigeni. Ng'ombe. Ng'ambo. Ng'oa. Ni sauti ya Kiswahili, ni sauti ya majina yetu. Halafu kwenye lugha nyingi za programu hiyo alama ndiyo inafungua na kufunga stringi, kwa hivyo jina la mtu wa ng' linaweza kukatika katikati kabla hata hujafika kwenye mambo ya baiti. Wanaoandika mafunzo ninayoyaangalia hawana jirani anayeitwa Ng'ang'a. Mimi ninaye, na bado sikufikiria.

Dawa pia ilikuwa mistari michache. Kila jina linapoingia mlangoni, kabla ya kulinganishwa na chochote, alama zote zilizopinda zinageuzwa kuwa moja iliyonyooka, na nafasi za ziada zinaondolewa. Mlangoni, mara moja. Usingoje hadi wakati wa kulinganisha, kwa sababu kuna pahali utasahau. Na jina likikosa kuonekana stoo, programu haiandiki sifuri tena. Inasimama na kumwambia khocha, "Huyu simjui, angalia mwenyewe." Kati ya hayo yote, naona hilo la mwisho ndilo kubwa. Sifuri ni jibu, na mimi nilikuwa nimeiruhusu programu itoe jibu wakati haijui.

Tulilipa kila mtu sawasawa, kabla ya Krismasi. Khocha alipanda matatu hadi Kitale, tukaenda pamoja Kiminini kumwomba yule mama msamaha. Nilitaka kumwelezea mambo ya alama iliyopinda, nikaanza, akanikata.

"Mwanangu, hayo magunia nilibeba mimi. Mawili kwa mgongo, mengine kwa punda wa jirani. Nilijua ni mangapi. Ni nyinyi hamkujua."

Sikuwa na jibu. Tulikunywa chai.

Sasa turudi kwa lile swali. Kuna watu wanapenda kusikia kwamba niliacha chuo na nikawa mjanja zaidi. Hapana. Kuacha chuo kulininyima mtu wa kukaa nyuma yangu na kuuliza "hiyo ni kusoma ama ni adhabu?" Nilibahatika khocha akawa huyo mtu. Lakini pia nina marafiki waliomaliza, wana vyeti ukutani, na wangeandika s[1:] ile ile, kwa sababu mahali pote walifunzwa na mistari 20.

Na siku hizi unaweza kubandika msimbo wa C kwenye AI ikuandikie Python kwa dakika moja. Sisemi usitumie, mimi mwenyewe natumia. Ila kabla hujarekodi video ya ushindi, fanya mambo matatu. Kwanza, uliza kila mstari: hapa herufi zinasogezwa ama zinanakiliwa? Pili, jaribu na faili nzima, la ukubwa wa kweli, si sampuli. Tatu, tafuta kwenye data yako jina la jirani yako mwenye jina gumu zaidi, uone kama anatoka salama upande wa pili.

Laptopu iko stoo sasa, inafanya kazi. Ile kompyuta ya zamani khocha alikataa kuitupa. Ameifunika kwa gunia tupu, na kila mwisho wa mwezi anaiwasha, moshi na yote, anapiga hesabu zake upande ule, analinganisha na zangu. Mpaka leo zinafanana. Anasema atanipa msimu mmoja zaidi kabla ya kuizima.

Wiki ijayo kamera inarudi.